Minara ya duara ya Ngome Kongwe, na ukuta wa babu kule Pangani

*Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa historia, shule ya sekondari Tanga. Mwaka jana nilipeleka wanafunzi Fort Jesus, Mombasa, na mwaka huu tumekwenda Ngome Kongwe, Unguja. Mwanafunzi mmoja akaniuliza mbele ya wenzake: mbona ile ya Mombasa ina pembe kali zilizochongoka na handaki, na hii ina minara ya duara na ukuta mrefu tu kama ua? Akamalizia kwamba basi Waomani hawakujua kujenga ngome. Sikuwa na jibu. Aliyetutembeza alisema ngome ni ya Wareno, na kwamba mawe ya matumbawe humeza risasi za mizinga, ndiyo maana haikubomoka. Ni kweli? La pili ni la nyumbani. Babu alituachia nyumba Pangani, ya mawe hayohayo. Lipu inadondoka upande wa chini, na fundi anasema tubandue yote tupige saruji. Nimesikia saruji haifai kwenye kuta hizo, lakini sijui kwa nini, na ndugu zangu wanataka kazi ianze mwezi ujao.*

Marahaba mwalimu. Maswali yako mawili ni ndugu wa tumbo moja, maana anayeelewa ukuta wa ngome umejengwaje ataelewa pia nyumba ya babu inaugua nini. Nianze na ngome, ila kwa upande wa nyumba nikuombe jambo moja mapema: fundi asubiri kwanza.

Kuhusu mjenzi, mtembezaji wenu amekosea, ila kosa lake lina chanzo. Wareno walikuwepo pale kabla. Kati ya mwaka 1598 na 1612 walijenga kanisa kwenye kiwanja hicho, na nyumba ya mfanyabiashara wa Kireno ikawa jirani yake. Ngome yenyewe ni kazi ya Waomani. Waliiteka Fort Jesus Desemba 1698, Wareno wakafukuzwa Unguja, na miaka iliyofuata, karne ya 18 ikiingia, ukuta ukainuliwa kulizunguka lile eneo. Mawe ya kanisa hayakutupwa. Mabaki yake yameshikamana na ukuta wa ndani hadi leo, na mkirudi waambie wanafunzi wayatafute kwa macho kabla ya kuonyeshwa.

Kuna kumbukumbu nyingine ya kanisa lile ambayo wanafunzi wako wanaitamka kila siku. Neno *gereza* limetokana na Kireno *igreja*, yaani kanisa. Katika pwani yetu neno hilo lilihama kutoka kanisa likawa ngome, na ngome zilipogeuzwa mahali pa kufungia watu likahamia kwenye jela. Ile ngome ya Kilwa Kisiwani mpaka sasa inaitwa Gereza. Mimi napenda kuanzia hapa ninapofundisha, maana mtoto akishajua kwamba neno lina tabaka, hashangai kuambiwa kwamba ukuta nao una tabaka.

Sasa swali la kijana wako. Ni swali zuri na amelitazama jengo vizuri, lakini hukumu yake imekuja haraka.

Ngome hujengwa kwa kumfikiria adui fulani. Ukiitazama bila kuuliza aliyeijenga alimwogopa nani, pembe utaziona pembe na duara utaliona duara, basi. Wareno wa Mombasa walikuwa na hofu ya aina yake. Katika miaka ya 1580 nahodha Mir Ali Bey alishuka pwani hii na majahazi ya Waturuki, watu wenye mizinga ya kisasa na ujuzi wa kuzingira miji. Alikamatwa Mombasa mwaka 1589, na miaka minne baadaye ujenzi wa Fort Jesus ukaanza. Mchoraji alikuwa Giovanni Battista Cairati, Mwitalia kutoka Milan aliyekuwa akiifanyia kazi serikali ya Kireno huko India. Alichora ngome ya kupambana na jeshi lenye mizinga, kwa mtindo uliokuwa umezaliwa Italia kwa sababu hiyohiyo.

Mtindo huo ufanye mezani, mwalimu. Chukua bilauri mbili, ziweke umbali wa rula moja, na rula iwe ndiyo ukuta unaoziunganisha. Kila bilauri ni mnara wa duara. Weka punje ya hindi mbele ya bilauri ya kulia, upande wa nje kabisa, ikiigusa bilauri. Huyo ni adui aliyefika chini ya mnara akiwa na sururu na pipa la baruti. Askari aliye juu ya mnara huo hamwoni mpaka ainame nje, na akiinama atapigwa. Sasa kaa kwenye ubavu wa bilauri ya kushoto, pale mzinga wa kulinda ukuta unapowekwa, na uvute uzi kuelekea kwenye punje. Uzi utakwama kwenye tumbo la bilauri ya kulia. Fanya hivyo kutoka pande zote mbili na utaona kwamba mbele ya kila mnara wa duara panabaki kipande cha ardhi chenye umbo la pembetatu ambacho hakuna mzinga wa ngome unaokiona. Ni eneo la upofu.

Kata karatasi nene ya umbo hilohilo uiweke mbele ya bilauri, ncha ikitazama nje. Hiyo ndiyo buruji iliyochongoka uliyoiona Mombasa. Waitalia waliijaza mawe ile pembetatu ya upofu, adui akakosa pa kujificha, na kila uso wa buruji ukawa unaonekana moja kwa moja kutoka ubavu wa jirani yake. Zile ncha, mwalimu, zilichorwa na mistari ya risasi. Handaki lililochongwa kwenye mwamba upande wa nchi kavu ni sehemu ya hesabu ileile: linamweka adui mbali, na pia linaficha sehemu ya chini ya ukuta isipigwe kutoka mbali. Wengi husimuliwa kwamba Fort Jesus ikitazamwa kutoka juu inafanana na mtu aliyelala chali, kichwa kikielekea baharini. Ni kweli inafanana, na wachoraji wa zama zile walipenda vipimo vya mwili wa binadamu. Lakini usiwaache wanafunzi na mtu aliyelala peke yake, warudishe kwenye ule uzi.

Je, Waomani hawakuyajua haya? Waliyajua kwa kuyateka. Masqat waliichukua mwaka 1650 pamoja na ngome za Kireno zinazotazama bandari. Fort Jesus waliizingira tangu Machi 1696 mpaka Desemba 1698, miezi 33, na walipoingia hawakuibomoa. Katika karne ya 18 waliiendeleza kwa namna yao: waliinua kuta, wakatoboa vitundu vya bunduki, na mwishoni mwa karne hiyo ikajengwa nyumba juu ya buruji ya San Felipe ambayo mliipita mkiwa pale. Watu walioitunza buruji ya Kiitalia na kuitumia kwa miongo mingi hawawezi kuitwa wasiojua.

Kwao Oman walikuwa na shule yao ya ujenzi. Mnara mkubwa wa Nizwa, uliojengwa na Imamu Sultan bin Saif al-Ya'rubi katikati ya karne ya 17, ni duara moja nene ajabu, na sehemu yake ya chini imejazwa udongo na mawe ili mizinga ya juu ikifyatuka jengo lisitikisike. Ngazi zake zinapinda, kila kona ina mlango, na juu ya milango kuna matundu ya kumwagia adui asali ya tende iliyochemka. Duara nalo lina faida zake. Halina kona ya kumeguka, na tufe la chuma likilipiga pembeni huteleza badala ya kuzama. Linajengwa kwa mawe yasiyochongwa sana, na hilo si dogo kwa mtu mwenye matumbawe magumu na waashi wachache.

Unguja ya mwaka 1700 ilihitaji nini basi? Mahali pa kukaa kikosi kidogo, ghala la silaha, ukuta mrefu wa kumzuia mtu mwenye ngazi na bunduki, na mizinga inayotazama ufuko ambako mashua za Wareno zingeweza kurudi. Jeshi kubwa la kuzingira kutoka nchi kavu, lenye mizinga mizito ya kubomolea, halikutarajiwa. Na hapa kuna jambo ambalo vitabu vya shule hulipita mbio: ngome ya maburuji makubwa hula watu. Kila uso unataka askari, kila ubavu unataka mzinga na wapiga mizinga wake. Fort Jesus haikuanguka kwa sababu Cairati alikosea pembe. Ilianguka kwa sababu maradhi na njaa viliwamaliza waliokuwa ndani, mpaka ikafika wakati ngome ya mfalme wa Ureno inashikiliwa na Bwana Daud wa Faza na watu wake wa pwani. Kuta zilikuwa zimesimama. Waliokufa ni walinzi. Aliyeyaona hayo kwa macho yake mwaka 1698, na mwaka unaofuata akapewa kazi ya kujenga ngome ya watu wachache kisiwani, ana haki ya kuchagua ua mrefu wenye minara.

Nusu karne baadaye uamuzi huo ulijaribiwa. Katika miaka ya 1750 Wamazrui wa Mombasa, waliokuwa wamejitenga na mamlaka ya Oman, waliivamia Unguja. Kiongozi wao, Ali bin Athman, aliuawa na jamaa yake mwenyewe vita vikiendelea, na uvamizi ukavunjika. Siwezi kukuambia kwamba ukuta ndio uliowashinda. Lakini adui aliyekuja alikuwa wa aina ileile ambayo ukuta ule ulimtarajia. Mizinga iliyozifanya ngome hizi zote mbili kuwa za kizamani ilikuja karne iliyofuata, juu ya manowari za Kiingereza. Fort Jesus ilipigwa hivyo Januari 1875, na jumba la mfalme wa Zanzibar, hatua chache kutoka Ngome Kongwe, likabomolewa asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896 kwa muda usiofika saa moja. Mbele ya mizinga ile, ncha na duara ni mamoja.

Kuhusu matumbawe kumeza risasi, hapo mtembezaji wenu alishika ukweli kwa ncha yake. Mfano unaojulikana zaidi uko Florida, Marekani, kwenye ngome ya Wahispania inayoitwa Castillo de San Marcos. Mawe yake ni magamba ya kombe yaliyogandamana. Waingereza waliipiga kwa wiki kadhaa mwaka 1740, na matufe yakawa yanazama ukutani kama kidole kwenye mkate badala ya kuupasua. Jiwe lenye matundu hubonyea, chembe zake zinasagika pale palipopigwa, na nguvu ya pigo inaishia hapohapo. Jiwe gumu kama itale huipeleka nguvu mbali, nalo hupasuka.

Matumbawe yetu si ya aina moja. Lile jepesi linalokatwa baharini likiwa bichi ni laini kiasi cha kuchongwa kwa shoka, kisha linakauka na kukaza. Ndilo la mihirabu, miimo ya milango na nakshi. Lile linalochimbwa nchi kavu ni gumu, limejaa makali, halichongeki vizuri. Ukuta wa ngome ni hili la pili, vipande vya kila ukubwa vilivyotupwa ndani ya chokaa nyingi na udongo. Kwa hiyo kilichokuwa tayari kupokea tufe kwenye Ngome Kongwe ni unene wa lile rojo lote lililokauka pamoja, zaidi ya jiwe lenyewe. Na kusimama kwake mpaka leo kunatokana pia na kwamba haikuwahi kupigwa kama ya Florida. Ilifanywa jela, ikafanywa kambi, mwanzoni mwa karne ya 20 ikatumika kwa shughuli za ile reli ya Bububu, na leo inapokea matamasha. Jengo lenye kazi hupata mtu wa kuziba paa.

Tuje Pangani.

Chukua kipande cha tumbawe kilichodondoka kwenye ukuta wa babu, kiwe kikavu, ukidondoshee tone moja la maji. Tone halitakaa juu, litanyonywa ukiangalia. Ukuta mzima unafanya hivyo. Unavuta unyevu kutoka ardhini, unapokea mvua ya masika, unapokea hewa ya chumvi, na jua likitoka unautoa wote kupitia usoni. Waashi wa zamani hawakujaribu kuuzuia. Walichoma matumbawe juu ya rundo la magogo, wakapata chokaa, wakaiacha kwenye maji muda mrefu, wakaichanganya na mchanga na udongo mwekundu, na lipu waliyopiga ikawa laini kuliko jiwe. Ukuta ulipumua kupitia kwake. Chumvi ilipotoka, ilikaukia kwenye lipu na kuila, na kila baada ya miaka michache mwenye nyumba alipaka tena. Lipu iliumbwa ili ife badala ya jiwe.

Saruji inageuza mambo. Ni ngumu kuliko ukuta ulio nyuma yake na haipitishi maji kwa urahisi. Ukuta wa matumbawe husogea kidogo kwa joto na unyevu, saruji haikubali, kwa hiyo inapata nyufa nyembamba kama unywele. Mvua inapita kwenye ufa na haina njia ya kutoka. Unyevu unapanda juu zaidi ukutani kutafuta pa kutokea, chumvi inakaukia nyuma ya saruji, jiwe linageuka unga. Kwa nje utaona ukuta safi miaka mitano, pengine kumi. Kisha bamba zima linadondoka, na linadondoka na nyama ya ukuta. Baya kuliko hilo ni boriti. Vichwa vyake vimelala ndani ya ukuta, na ukuta usiokauka huvioza mahali ambapo hakuna anayeviona.

Niliwahi kuitwa kwenye nyumba moja ya pwani iliyopigwa saruji nje na ndani, wenyewe wakilalamikia harufu ya ukungu chumbani. Tulitoboa tundu dogo chini ya dari. Boriti tuliyoifikia iliingia bisibisi mpaka kwenye mpini. Chumba hicho watoto walikuwa wakilala.

Fundi wako si mtu mbaya. Amejifunza kwenye matofali ya saruji, na huko yuko sahihi kabisa. Ila chokaa nayo nikuambie gharama zake kwa ukweli: kazi ni ya polepole, inapigwa kwa tabaka nyembamba na kila tabaka lisubiriwe, inataka kivuli na kunyunyiziwa maji siku za mwanzo ili isikauke ghafla, na mafundi wanaoijua wamebaki wachache. Utapaka tena. Kama ndugu zako wanataka kazi ya mara moja na kusahau, ukuta wa matumbawe hautawapa hiyo kwa vyovyote, si kwa chokaa wala kwa saruji. Wapo wanaochanganya saruji kidogo kwenye chokaa ili iwahi kushika. Ninaelewa kwa nini wanafanya hivyo, lakini kwenye ukuta wenye chumvi kama wenu mimi singefanya.

Kabla ya lipu yoyote, angalia maji yanatoka wapi. Lipu inayodondoka upande wa chini mara nyingi ina sababu iliyo nje ya ukuta: ardhi imepanda juu kuliko sakafu, ua umetiwa zege linaloelekea ukutani, mfereji wa paa umetoboka. Shusheni ardhi, elekezeni maji mbali, tengenezeni paa, mwache ukuta ukauke kiangazi kimoja. Nusu ya matatizo ninayoitiwa huishia hapo bila mfuko hata mmoja wa kitu chochote. Mchanga wa lipu uwe wa mtoni au uliooshwa vizuri, si wa pwani. Na kama kuna sehemu ilishapigwa saruji zamani, isibanduliwe yote kwa nyundo siku moja, kwa sababu itang'oka na uso wa mawe. Ijaribiwe kipande kidogo mahali pa pembeni kwanza.

Kuna dalili ambazo barua haitoshi. Ukuta uliotoa tumbo, ufa wa mshazari unaoingiza ncha ya kidole, mlango uliokuwa ukifunga vizuri na sasa unakwama, sakafu ya juu inayobonyea, unga wa mti chini ya boriti. Ukiona lolote kati ya hayo, hamisheni watu kwenye chumba hicho leo na mumwite mhandisi au msanifu aliyewahi kushughulikia majengo ya matumbawe, afike mwenyewe. Beit el Ajaib, jirani wa Ngome Kongwe, iliporomoka sehemu yake Desemba 2020 ikiwa katikati ya matengenezo, na watu wakapoteza maisha. Nyumba za mawe hazianguki bila kutoa ishara, ila ishara zake ni ndogo. Kwa kuwa nyumba ni ya zamani, pitieni pia halmashauri na mkaulize Idara ya Mambo ya Kale kama iko kwenye majengo yanayolindwa, kabla fundi hajagusa chochote. Huko ndiko pia mtaelekezwa kwa waashi wa chokaa.

Ukipata nafasi, piga picha nne: ukuta unaodondoka kutoka mbali, sehemu ya chini kwa karibu pamoja na ardhi iliyo mbele yake, paa juu ya sehemu hiyohiyo, na mahali boriti zinapoingia ukutani kwa ndani. Yule kijana wako aliyeuliza kuhusu minara, mpe kazi ya kuchora mezani zile bilauri mbili na uzi, kisha achore Fort Jesus juu ya mchoro huohuo. Nitafurahi kuiona michoro yake pamoja na picha zako.